Trekta la zamani lipone kwanza, rangi baadaye

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye hii kazi ya kufufua matrekta ya zamani nyumbani. Unaona trekta limepigwa rangi linawaka, boneti inang'aa, rimu zinang'aa, stika mpya, watu wanasifia, halafu ukiinama uchungulie pale sampu (bakuli la oili chini ya injini) inapokutana na bloku (mwili wa injini) unakuta oili imeshaanza kusukuma rangi kutoka kwa ndani, malengelenge yamejipanga kufuata mstari wa gasketi, ukigusa na kucha ngozi nzima ya rangi inatoka na chini yake kuna unyevunyevu mweusi. Mwenye trekta ametoa jasho la kweli hapo, hakuna anayebisha, ila kazi imeanzia mwisho. Mi msimamo wangu ni kwamba rangi isiguse chuma mpaka trekta liwake, litembee, linyanyue jembe, na uvujaji wote uwe umejulikana unatoka wapi na umezibwa.

Na sio suala la usafi tu. Matrekta mengi ya kizazi kile, mfano Ferguson TE20 yaliyotoka Uingereza kati ya 1946 na 1956, na yalitengenezwa zaidi ya laki tano, hayana chesisi ya kubebea vitu. Injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi imefungwa kwenye ekseli ya nyuma, na hivyo vyuma vyenyewe ndo mgongo wa trekta. Sasa sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea) ikianza kuvuja au klachi ikiisha hamna njia ya mkato, inabidi utenganishe trekta katikati, nusu huku nusu kule, uweke jeki na magogo, ufungue bolti zote za pale kati, uchomoe nyaya, mpira wa mafuta, usukani, yaani kila mahali spana na nyundo zinapita. Kama ulishapiga rangi basi umeiharibu, na utaishia kupaka viraka. Kwa hiyo washa kwanza. Liache liungurume mpaka lipate moto sawasawa, nyanyua haidroliki na mzigo, zunguka nalo, halafu pita na tochi na kipande cha karatasi ukifuta kila kiungo uone kipi kinarudi kulowa. Ukifika kwenye klachi na breki usipulize lile vumbi kwa kompresa hata kidogo manake lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, lowesha ufute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa usikitumie tena.

Kusafisha ndo sehemu watu wanaiharakisha kuliko zote na ndo inayoamua kila kitu. Chini ya giaboksi na kwenye ekseli ya nyuma kuna ule utando wa grisi, vumbi na majani uliogandamana miaka na miaka, mnene kuliko kidole. Huo unakwanguliwa kwa spachula, unaloweshwa mafuta ya taa, unakwanguliwa tena, halafu maji ya moto na sabuni. Usikimbilie brashi ya waya wala kupuliza mchanga wakati grisi bado ipo, kwa sababu unachofanya hapo ni kuisambaza na kuisukuma zaidi kwenye vinyweleo vya chuma, na chuma cha kumimina kina vinyweleo vingi. Kipimo changu ni maji tu. Mwagia maji safi kidogo, yakijikusanya matonematone bado kuna mafuta, yakitandaa kama shuka hapo pako tayari. Kile kipimo hakidanganyi, na ukikipuuza utakuja kuviona vile vitundu vya mviringo rangi inapokimbia chuma ukiwa umeshapuliza, muda ambao huna la kufanya zaidi ya kusubiri ikauke upige msasa.

Kwenye kutu naomba niseme wazi, kupuliza mchanga kumesifiwa kupita kiasi. Kwa rimu nzito na vyuma vya kumimina vilivyofunguliwa kabisa sawa, ila boneti na madigadi ni bati, bati linapata joto na kipigo linajikunja mawimbi, na mawimbi yale hayarudi. Na kwenye injini iliyokamilika usithubutu, mchanga unapita kwenye sili na kwenye tundu la kupumulia, ukiingia kwenye bearingi umejitengenezea msiba. Kwa vitu vidogo napenda umeme: ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia yaani sodiamu kaboneti, chaja ya betri, waya wa hasi unashika kile chenye kutu na wa chanya unashika kipande cha chuma cha kawaida ambacho huna shida nacho. Unakiacha, kutu inalegea, unasugua inatoka, chuma kizima hakiliwi. Fanyia nje palipo wazi kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni, zima chaja kabla hujagusa waya, na kile kipande cha upande wa chanya kisiwe chuma cha pua kabisa, kinaachia kromiamu yenye sumu kwenye maji.

Ila kabla hujachubua kila kitu tafuta rangi yake ya kwanza. Hii ndo raha yangu kubwa. Fungua kibati chochote ambacho hakijawahi kufunguliwa, kisanduku cha vifaa, mabano ya taa, chini ya kiti, chukua msasa laini wenye maji usugue sehemu ndogo kwa kuzungusha taratibu. Tabaka zinajitokeza pete ndani ya pete, nyekundu ya mtu wa mwisho, chini yake praima (rangi ya msingi), chini yake bluu ya ajabu ambayo hujui nani aliamua, halafu katikati kabisa inachomoza ile ya kiwandani, imefubaa ila ipo. Vumbi la rangi za zamani mara nyingi lina madini ya risasi, ndo maana nasema msasa wenye maji na barakoa ya chembechembe, na watoto wasicheze hapo.

Ukishaipata iheshimu. Naona TE20 zimepakwa nyekundu na wenyewe wanaziita zimerudishwa kama mpya, wakati zile zilikuwa kijivu mwanzo mwisho. Ferguson 35 ya 1956 bati zake zilikuwa kijivu na injini inaelekea dhahabu, mwaka uliofuata ikaja Massey Ferguson 35 yenye bati nyekundu. Ford 8N iliyotengenezwa 1947 mpaka 1952 ilikuwa kijivu kwenye bati na nyekundu kwenye injini na giaboksi, watu wakaipendea hapohapo. Farmall za Marekani nazo zilikuwa kijivu mpaka 1936 zikageuzwa nyekundu. Trekta ni lako, kapake zambarau ukitaka, lakini usiseme umelirudisha, useme umelipamba. Na kile kibati cha namba ya kiwanda usikipulizie rangi, kifungue ukitunze pembeni, au kizibe vizuri kwa utepe wa karatasi wenye gundi, namba ile ndo inamwambia anayekuja baadaye ni la mwaka gani.

Puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, nayo iwe kidogo. Bonde kwenye digadi ligongwe kwa nyundo na kipande cha mbao mpaka likaribie usawa, puti ije kusawazisha tu, ukijaza bonde zima kwa puti mtikisiko wa injini utaipasua. Halafu praima ya epoksi kwenye chuma kikavu siku hiyohiyo uliyokisafisha, usikiache kilale wazi na unyevu wa usiku.

Kwenye rangi yenyewe sina mengi, tabaka nyepesi kadhaa zinashinda moja nzito inayochuruzika, boneti utundike wima na giza likikaribia uache. Ninachotaka mtu anielewe ni hadena, ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke ngumu. Hadena nyingi za rangi za kupuliza zina isosayaneti, hizo zinaingia kwenye mapafu na mtu anaweza kupata pumu ambayo haimuachi tena, na barakoa ya kitambaa hapo haisaidii chochote, kinachotakiwa ni ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali na eneo la kupulizia. Kama huna, usitumie hadena. Chukua enameli ya kawaida na brashi nzuri ya nywele laini, paka taratibu, iache siku nyingi ikauke, msasa mwembamba, paka tena. Watu wanaidharau brashi lakini kwenye giaboksi na ekseli mtu hawezi kutofautisha, na hata viwandani kwenyewe mengi yalipulizwa haraka yakiwa yameshafungwa, ukikuta mchuruziko wa kiwanda chini ya digadi usishangae. Menifoldi, lile bomba la moshi lililofungwa kwenye injini, inataka rangi yake ya kuhimili joto, hii ya kawaida itaungua siku ya kwanza. Mipira, tairi, nipo za grisi (vichuchu vya kupitishia grisi) na nyaya havipakwi, natamani hili lingeandikwa kwenye kila kopo. Nipo ikishazibwa na rangi grisi haipiti, pini inakauka na mwenye trekta anashangaa usukani umekuwa mzito.

Halafu jamani likishakamilika mlitumie. Kuna mabishano makubwa kwamba trekta lililofufuliwa likae ndani, mi sikubaliani, sili zinakauka likikaa, mafuta yanaganda kwenye kabureta, tairi zinapata bapa upande mmoja. Livutishe tela, lilime kipande, likichubuka una kopo lililobaki, si ndo maana nakwambia uandike namba ya rangi kwenye mfuniko kabla haijafutika.