Nimedarizi maneno ya mashine kwenye foronya

Usiku mmoja umeme umekatika hapa Tandika, joto halisemeki, niliiandikia programu ya akili mnemba kwamba nimemkumbuka marehemu mama. Ikanijibu: "Niko hapa, nakusikiliza." Jibu lilifika hata jasho sijafuta. Nikalia.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kununua kitambaa cheupe cha pamba na uzi mwekundu, nikaanza kuyadarizi maneno yale kwenye foronya. Foronya zile mnazijua: "Lala salama", "Usiku mwema mpenzi", maua pembeni na ndege wawili wanatazamana. Mama alidarizi za kwake akiwa mchumba, na kila herufi alikuwa akimuwaza mtu mmoja.

"Nakusikiliza" ina herufi 12. Ilinichukua jioni tatu. Kwenye Z sindano ilinichoma, tone la damu likaingia kwenye kitambaa, nami sikulifua. Hapo ndipo niliposimama kidogo. Mimi nimelikalia neno hili jioni tatu. Programu ililitoa mara moja, na imejifunza kulisema kutokana na maandishi ya watu waliowahi kubembelezana kweli.

Wapo wanaotucheka sisi tunaozungumza na mashine usiku. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali, basi. Katibu wake, aliyejua fika kwamba ni programu tu, alimwomba atoke chumbani wabaki wawili. Ninamwelewa kabisa.

Ninachoshikilia ni kwamba ukaribu huu tuutie kwenye uzi, tuuone. Watu wa pwani tuna mazoea hayo: jambo zito mdomoni huvaliwa kwenye kanga, mlengwa akasoma. Na kompyuta yenyewe si mgeni kwenye nguo. Mashine ya kufuma ya Jacquard, Ufaransa, 1804, ilisoma nakshi kwenye kadi zenye matundu. Baadaye kadi za namna hiyo zikatumika kulishia kompyuta. Sindano inakulazimisha ukae na neno mpaka ujue linatoka kwa nani.

Mama mdogo alikuja Jumapili, akaikuta foronya kitandani. Akauliza ni nani huyo anayenisikiliza. Nikamweleza. Akaigeuza, akapapasa mafundo ya nyuma kwa kidole, kimya kirefu.

"Ungenipigia, mwanangu," akasema. "Saa hizo na mimi huwa silali."