Aliyeumia Mgongo Anahitaji Kazi Nyepesi, Si Kitanda

Mtu akiumia mgongo hapa Mwanza huwekewa njia mbili tu. Ya kwanza ni kitanda: alale, asiiname, asishike ndoo, asubiri mpaka maumivu yaishe yenyewe. Ya pili ni gunia: maumivu yakipungua kidogo, au hela ya kula ikikata, arudi kubeba mzigo ule ule uliomwangusha. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu. Mimi naamini mgongo uliochelewa kupona hupona hapo katikati, na hapo ndipo familia zetu na mabosi wetu hawajaweka chochote.

Nasema haya nikiwa na mgongo wangu mwenyewe. Nilianguka na bodaboda barabara ya Kenyatta, maeneo ya Mkuyuni, dereva akikwepa daladala iliyosimama ghafla. Picha zilionyesha hakuna mfupa uliovunjika. Michubuko ikakauka, uvimbe ukashuka, watu wakanipa pole wakarudi kwenye shughuli zao, ila kiuno kikabaki kinauma. Umepita zaidi ya mwaka. Kuna asubuhi naamka vizuri kabisa, na kuna asubuhi kuvaa viatu peke yake ni kazi nzima.

Shangazi yangu alikuja kutoka Magu kuniuguza. Alikuja na mafuta ya kuchua, na alichokuwa akiniambia kila nikijaribu kuinuka ni kile kile: "Mwanangu, lala. Mgongo siyo mguu, ukiuchezea utapooza." Alinipikia, akanifulia, akanikataza hata kukoroga uji. Upendo wake siutilii shaka hata kidogo. Lakini naomba tuuseme ukweli: kumlaza mtu wiki baada ya wiki kunamdhoofisha. Misuli inayoshikilia uti wa mgongo hulegea upesi isipotumika, na woga unakua. Siku akisimama, kila kinachovuta anakiona ni hatari, anarudi kulala, na siku inayofuata kusimama kunakuwa kugumu zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Unazungumzia mazoezi, elimu kwa mgonjwa, msaada wa kisaikolojia, kuchuliwa, na dawa za kupunguza maumivu na uvimbe kwa uangalifu. Miongoni mwa vitu ambavyo mwongozo huo haushauri viwe tiba ya kawaida ni mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kila kona mjini, na dawa kali za jamii ya afyuni. Shirika hilo hilo linasema watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba kwa wengi mno, karibu tisa kati ya kumi, hakuna ugonjwa au jeraha moja linaloweza kunyooshewa kidole kuwa ndilo chanzo.

Hilo la mwisho linawasumbua watu. Tunataka kitu kionekane kwenye picha. Ndugu wanachanga, mgonjwa anapelekwa kupigwa picha kubwa, karatasi inarudi imeandikwa kwamba pingili zimesagika na diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, imevimba, na tangu siku hiyo mtu anaishi kama amehukumiwa. Watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo na kutoa matokeo mwaka 2015: hata wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na kwa wa miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Yaani diski huchakaa kama ngozi inavyokunjamana, na mtu anatembea zake haumwi. Nawaomba madaktari wetu, kabla ya kumkabidhi mgonjwa ile karatasi, wamweleze hilo kwa dakika mbili tu. Mtu aliyeambiwa "umesagika" bila maelezo hainami tena.

Basi kwa nini inauma kama kidonda kimepona? Nyama, kano na misuli vilivyovutika mara nyingi vinakuwa vimepona ndani ya miezi mitatu. Maumivu yakizidi hapo ndipo wanaita sugu, na mara nyingi tatizo linakuwa limehamia kwenye mfumo wa fahamu wenyewe. Ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi: baada ya pale hata paka akipita ukutani anabweka usiku kucha. Maumivu ni ya kweli, hayako kichwani mwa mtu, lakini hayasemi kwamba kuna kitu kinavunjika sasa hivi. Kukosa usingizi kunayachochea. Deni linayachochea. Ugomvi nyumbani pia.

Na hapa nitaje jambo linaloniuma kuliko hata kiuno chenyewe. Maumivu ya mgongo hayaonekani. Sina bandeji, sina gongo, nikikaa kwenye daladala naonekana mzima. Mwenzangu mmoja tunayefanya naye kazi aliambiwa na mama mkwe kwamba anajidekeza, anakwepa kudeki. Siku anayojitahidi na kufanya kazi, wanasema kumbe alikuwa anajifanya; siku anayoshindwa, wanasema mvivu. Akaamua kufanya yote kwa siku moja ili wanyamaze, akaishia kulala siku kadhaa. Watu wa nyumbani wakielewa kwamba maumivu haya yana siku nzuri na siku mbaya, na kwamba siku nzuri si ushahidi wa uongo, wanakuwa wamempunguzia mgonjwa nusu ya mzigo.

Kabla sijaendelea: yapo maumivu ya mgongo ambayo si ya kusikilizia. Ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, au mguu ukaanza kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata ukilala: haya yanataka daktari haraka, kwa sababu kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna mengine mawili ya kumwambia daktari bila kuulizwa. Kama unakunywa maziwa mabichi, sema, maana brusela, ugonjwa wa ng'ombe, huingia kwa binadamu na kuleta homa na maumivu ya mgongo. Na kama unaingia ziwani mara kwa mara, sema pia. Kichocho, kwa nadra, mayai yake hufika kwenye uti wa mgongo na kuidhoofisha miguu.

Kuhusu dawa nitasema kifupi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, si pipi. Wapo wabeba mizigo pale Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, wanaonunua vidonge viwili viwili kila alfajiri kabla ya kupakia, miezi na miezi, tena tumbo likiwa tupu. Dawa hiyo inatoboa tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha. Ina nafasi yake kwa siku chache, kwa ushauri. Kuimeza ili ubebe mzigo usioweza kuubeba bila dawa ni kujiumiza mara mbili.

Sasa hiyo katikati ni ipi? Kwa mwili, ni kutembea, tena kidogo kidogo kwa mpangilio. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliosaidiwa kuanza kutembea, wakiongeza taratibu kuelekea nusu saa mara tano kwa wiki, nusu yao walipitisha siku 208 kabla maumivu hayajawarudia; ambao hawakupewa mpango huo ilikuwa siku 112. Hakuna mashine humo, hakuna sindano. Wengi huambiwa waogelee, na ni ushauri mzuri kwa mwenye bwawa, lakini pembezoni mwa ziwa letu kichocho kipo, kwa hiyo mimi ningemwambia mtu wa Mwanza atembee. Ugumu ni milima. Anayeishi juu Bugarika au Mabatini, ambako njia ni mawe na ngazi za kuchonga, hana pa kuanzia papole. Ashuke kwa bodaboda iende taratibu, au kwa kushikwa mkono, atembelee kwenye tambarare. Barabara ya Capripoint jioni ina upepo wa ziwa na haina mwinuko wa kutisha. Kipimo nilichofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia ni hiki: maumivu yakipanda kidogo wakati wa kutembea na kushuka kufikia kesho yake, uko salama, endelea. Yakipanda na kubaki juu, punguza umbali, usiache.

Nyumbani, katikati ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayekuambia. Beseni la kufulia lipande juu ya meza au ukuta mfupi, usifue umeinama chini. Jiko la mkaa liwekwe juu ya tofali au stuli imara. Dumu la lita 20 ligawanywe kwenye madumu ya lita tano, uende safari nyingi nyepesi. Utachelewa, lakini utakuwa unafanya kazi. Deki kwa fimbo ndefu. Na shangazi, kaka, mume, badala ya kumnyang'anya mgonjwa kila kitu, amwachie zile kazi anazoziweza na amwongezee polepole. Mimi nilianza na kuchambua mchele nikiwa nimesimama. Ilionekana kichekesho kwa wageni, ila ndiyo siku niliyoanza kujiona mtu tena.

Gumu zaidi ni kazini, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Nafanya kazi ya hesabu za mizigo kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kila siku naona namna kijana anavyotwikwa. Anainama, anaweka viganja magotini, wawili wanalinyanyua gunia na kulishusha juu ya mabega yake, anatikisika, anatafuta mizani, kisha anapita kwenye ubao mwembamba unaochezacheza kutoka kwenye boti hadi nchi kavu. Analipwa kwa gunia, kwa hiyo hakuna anayetembea. Wote wanakimbia nusu. Pembeni yao wanawake wameinama tangu jua linachomoza wakianua na kugeuza dagaa, migongo imekunjwa pembe mraba, na wao hakuna hata anayewahesabu kuwa wanabeba kitu.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza uzito anaobeba mwanamume mmoja ushushwe usizidi kilo 55, na wanawake wabebe pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Kanuni zetu za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na tunalalamikia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu inamwibia mkulima. Ni kweli inamwibia. Lakini hata gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya ule uzito, na linakaa juu ya pingili za mtu mmoja. Mjadala wa lumbesa ungekuwa na haki zaidi kama ungemtaja na anayelibeba.

Mwajiriwa mwenye mkataba ana pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza 2015, unaogharamia matibabu na utengamao wa aliyeumia kazini. Kijana anayelipwa kwa gunia, na bosi ambaye kesho atakuwa mwingine, hana wa kupeleka jina lake huko. Akiumia anachangiwa siku ya kwanza na ya pili, ya tatu nafasi yake imeshachukuliwa.

Ninachokitaka si kikubwa. Pale Mwaloni kazi nyepesi zipo kila siku: kushona midomo ya magunia, kuhesabu yanayoshuka, kuandika alama, kulinda mzigo unaosubiri lori, kupima. Leo kazi hizo anapewa yeyote aliyekaribu na bosi. Vikundi vya wabeba mizigo, ambavyo vina viongozi na vinakubaliana bei, vinaweza kukubaliana pia kwamba kazi hizo ziwe kwanza za mwenzao aliyeumia, kwa malipo madogo kuliko ya kubeba lakini yanayotosha unga na nauli ya kliniki, na kwamba nafasi yake ya kubeba imsubiri. Akianza kurudi, abebe ndoo kabla ya gunia, nusu siku kabla ya siku nzima. Bosi anaweza kuagiza mizigo ifungwe kwa kilo 50 na kununua matoroli mawili. Nimeshamwambia wangu. Toroli moja amekubali, kwenye uzito wa magunia bado tunabishana, maana anasema madereva wa malori wanatoza kwa idadi. Kwa hiyo wiki ijayo nitakwenda kuongea na madereva.