Shanga Nne za Pazia

Kaka yangu alipomaliza shule aliniachia mkebe wa biskuti wenye beji zake za skauti: huduma ya kwanza, kuogelea, upishi, na nyingine yenye mdudu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nyuki au nzi. Mwalimu mlezi wetu alikuwa ametuonya mapema, tena mara mbili. "Beji ya dunia, ile ya zambarau, kifuani kushoto juu ya mfuko. Hizo nyingine huvaliwa na aliyezifanyia mtihani." Mimi nilikuwa nimefanya mtihani mmoja tu, wa mafundo, nikafeli lile la kuunganisha kamba mbili. Na fundo lenyewe limechorwa kwenye beji ya dunia, pale chini kabisa. Ningeinamisha shingo tu ningeliiga.

Lakini safari ilikuwa ya Nyeri. Kila Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti tunayemwita B-P, maskauti humiminika huko kwenye kaburi lake, maana mzee alifia Nyeri, Januari 1941. Watakuwepo watu wa kila kaunti, na wasichana wa kila kaunti, halafu mimi nitoke Mombasa na beji moja? Nikauchukua mkebe, huyo mpaka kwa fundi, Majengo.

Fundi akalitandaza shati mezani, kifua juu.

"Hii kushoto, ami."

"Kushoto," akaitikia, akashona kushoto kwake. Sasa shati likikutazama, kushoto kwako ni kulia kwa mvaaji, na hilo nililigundua ndani ya basi, Mtito Andei, saa nane za usiku. Tena beji yenyewe alikuwa ameigeuza juu chini, lile ua lake la katikati likaning'inia kama popo. Za kaka akazipanga zote nne mkono wa kulia, kisha akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho.

"Mwanangu, mkono huu una nne na ule mtupu. Utatembea upogo." Akafumua mbili, akahamishia upande wa pili. Alinitoza kushona mara saba.

Hapo ningeishia, ningekuwa na kisa kidogo. Kilichoniponza ni picha niliyowahi kuiona ya kiongozi mmoja mkubwa, shingoni ana ugwe wa ngozi wenye vipande viwili vya mti. Viwili! Pazia letu la mlangoni lilikuwa na mamia. Nikachomoa vinne, vya kahawia, vilivyolingana, nikavitunga kwenye kamba ya kiatu. Mama aliuliza mbona pazia lina pengo, nikasema paka.

Tulishuka Nyeri alfajiri, baridi inakutafuna mpaka kwenye meno. Mwaka ule nilikuwa nimerefuka ghafla, na nilikuwa na ndevu tatu nilizozitunza kama miche. Pengine ndiyo sababu watoto wa Chipukizi, skauti wadogo, waliponiona walikakamaa wakapiga saluti ya vidole vitatu. Nikaijibu. Wakaja wengine, nikawajibu nao. Mzee mmoja wa skauti akaziangalia shanga, akanyoosha mkono wa kushoto kunisalimu. Najua skauti husalimiana kwa kushoto, nimefundishwa. Lakini kwetu Pwani mkono huo una kazi yake, na si ya kuwapa wazee. Ukakataa katakata kutoka mfukoni. Nikampa wa kulia, yeye kanipa wa kushoto, tukaishia kushikana vidole kama watu wanaopokezana kikombe cha moto. "Karibu, mkufunzi," akasema. Nikadhani ni heshima tu za watu wa bara.

Tukapanga gwaride. Ilipofika saa tano, jua la Nyeri likakumbuka kwamba nalo ni jua. Kijana mmoja mdogo mstari wa mbele akayumba, akayumba tena, akaanguka kama gunia.

"Huduma ya kwanza! Nani ana huduma ya kwanza?"

Watu wakageuka kunitazama. Msalaba ulikuwa begani kwangu, umeshonwa uzi mwekundu, unaonekana hata kutoka barabarani.

Mimi katika huduma ya kwanza nilikuwa najua jambo moja: kwamba skafu ukiikunja pembetatu unaweza kumning'inizia mtu mkono uliovunjika. Kwa hiyo nikamning'inizia. Nikapiga magoti, nikavua skafu yangu, nikamfunga mkono wa kushoto vizuri kabisa, mkono ambao haukuwa na tatizo lolote duniani. Fundo nililopiga shingoni ni lile lile la mtihani, na safari hii lilikubali. Wakati huo shanga zangu zilikuwa zinambembea usoni. Akafumbua macho, akaziona, masikini, akajaribu kupiga saluti akiwa chali.

"Mkono umevunjika?" akauliza.

"Tulia," nikamwambia kwa sauti ya daktari. "Usiutumie."

Akaangua kilio kilichosikika nchi nzima.

Mama mmoja kiongozi akaja mbio, akamkalisha kivulini, akampa maji na mkate. Mtoto hakuwa amekula tangu jana. Alipomaliza akanigeukia. Shingoni alikuwa na shanga mbili.

"Hebu kuja hapa, kijana." Akazihesabu zangu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akarudia kana kwamba huenda zingepungua. "Mbili ni za aliyemaliza kozi ya viongozi. Nne ni za wanaowafunza hao viongozi. Wewe kozi ulimalizia wapi?"

"Majengo," nikasema. Sijui kwa nini.

"B-P mwenyewe alikuwa nazo sita," akasema, wala hakucheka. "Umebakisha mbili tu. Na yeye yuko hapo karibu, ungemwomba."

Nikapewa wembe, nikakaa kando ya makaburi kufumua. Fundi yule, uzi wake ulikuwa mara mbili! Mbele yangu kulikuwa na lile kaburi, na juu ya jiwe imechongwa duara yenye nukta katikati, alama ya njia ambayo skauti huwaachia wenzake: nimekwenda nyumbani. Niliitazama kwa wivu mkubwa.

Beji ya dunia mama yule aliniambia niibakize, ni haki yangu, ila ihame. Nikaishona mwenyewe kwa sindano ya kuazima, na kwenye picha ya pamoja ndiyo hiyo inayoonekana, imelala kidogo, katikati ya shati lenye matundu kama chujio. Pembeni yangu yupo yule mtoto. Alikataa kata kata kuivua skafu. Alisema mkono unauma.

Niliporudi Mombasa nilimpelekea fundi shati aone alichonifanyia. Akalitandaza, akapitisha kidole juu ya matundu, akasikitika kwa dhati. Kisha akainama chini ya cherehani, akatoka na kopo.

"Hapa kulia pamebaki wazi," akasema. "Ninayo moja ya zimamoto."