Mpya kwa kosa gani?

Unabonyeza rimoti ya gari, kimya. Unabonyeza mpaka kidole kinaota sugu, kimya! Unampelekea fundi, na kabla hajaifungua: "Nunua mpya." Mpya kwa kosa gani? Kwa nini asijaribu kwanza rimoti ya akiba? Kwa nini asipime betri? Ile betri bapa ya CR2032 ni volti 3, si siri ya serikali! Mwingine anapachika CR2016, unene milimita 1.6 badala ya 3.2, halafu anashangaa haigusi. Mwingine anakuuzia rimoti ya mawimbi ya megahetsi 433 wakati gari linasikiliza 315. Zitasikilizana vipi, jamani? Na yule anayebadilisha kava, akatupa la zamani na chipu ya imobilaiza, ile inayoruhusu injini kuwaka, ndani yake? Milango inafunguka vizuri kabisa, injini haiwaki!