Nani Aliwaambia Nataka Kulala Nje?

Jamani, nyie mnaopenda kambi, hebu nijibuni. Kuni zimejilalia chini, kavu, za kuvunja kwa goti. Nainama niokote mbili tatu tuinjike chai, shemeji ananidaka mkono: "Shem, hapa kuokota kuni marufuku!" Eti katika hifadhi za jimbo la Texas mti ukianguka unaachwa uoze palepale, uwe rutuba ya udongo na nyumba ya wadudu. Sawa, elimu haina mwisho. Sasa nielewesheni na hili: kuni naenda kuzikuta dukani, vipande vichache vimefungwa nailoni, bei kwa dola. Mtoto wa Singida mimi, ninayejua kufunga mzigo wa kuni kwa gamba la mti, nimepanga foleni na kadi ya benki mkononi. Mama asije akasikia.

Na msidhani ni mahali pa kujiendea tu. Hifadhi tuliyoendea, Garner State Park, kando ya Mto Frio, watu wanaigombania. Nafasi ya hema unaweza kubuku miezi mitano kabla. Miezi mitano! Mimi hata zamu yangu ya wiki ijayo siijui. Shemeji akabuku, akamwambia dada yake, dada yake akawaambia watoto, mimi nikaambiwa wa mwisho, tena kwa sababu gari lenye buti kubwa ni langu.

Kutoka Houston ni zaidi ya saa nne barabarani, Julai, jua limewaka mpaka usukani unaushika kwa leso. Nafika nikitaka kivuli na soda. Napewa nyundo na vigingi. Ardhi ya kule ni mawe ya chokaa. Kigingi kinaingia nusu, kinapinda, kinakutazama. Shemeji kasimama pembeni anasoma maelekezo: "Fimbo ya bluu ipite kwenye pindo la kijivu." Fimbo zote nyeusi.

Haya, twendeni mtoni. Mto wenyewe mzuri, sitakuwa mnafiki. Maji maangavu unahesabu kokoto, miti mirefu ya misaipresi imepanga mstari ukingoni. Watu wanakalia tyubu, wanachukuliwa na mkondo taratibu. Nikakalia yangu. Tyubu ina tundu katikati, na tundu hilo ndipo makalio yako yanapokaa, ndani ya maji ya chemchemi yasiyojua kwamba juu ni kiangazi. Utosini unaungua, chini umeganda. Ukifika penye kina kifupi unakwama, mgongo unakwaruza mwamba, unasimama, unabeba tyubu kichwani, unatembea kwa miguu ndani ya mto ambao wewe umesafiri saa nne kuja kuuelea. Bia ya kujipoza? Kunywa pombe hadharani hairuhusiwi. Nikapewa juisi ya watoto, ile ya mrija.

Usiku wa kwanza akaja rakuni, mnyama mdogo wa porini wa kule. Mnyama yule ana vidole, ndugu zangu! Nilimmulika kwa tochi akiwa kashika kifuniko cha boksi la barafu. Hakukimbia, akanitazama kama karani unayemsumbua saa ya chakula. Sambusa zote kala. Ugali akaunusa, akauacha. Hiyo dharau bado inaniuma.

Kitu kimoja kilinigusa. Kuna banda kubwa la mawe pale hifadhini, lilijengwa na vijana wa miaka ya 1930, wakati wa Mdororo Mkuu, uchumi umeanguka, ajira hakuna, serikali ya Rais Roosevelt ikawachukua wakajenge hifadhi. Malazi bure, chakula bure, dola 30 kwa mwezi, na karibu zote, dola 25, zinatumwa nyumbani kwa wazazi. Nikasema hawa ni ndugu zangu kabisa, foleni ya Western Union tu ndiyo hawakupanga. Tofauti ni kwamba wao walilipwa kulala porini.

Kwenye banda hilo watu wanacheza muziki usiku wa kiangazi tangu miaka ya 1940, jukeboksi, ile mashine ya kuchagua nyimbo, inapiga, wazee, vitoto, wote uwanjani. Mimi nikasema sichezi, nalinda chakula. Mama watoto akanitazama lile jicho. Nikaenda. Bibi mmoja mwenye buti za wachunga ng'ombe akanivuta, akanionyesha hatua: mbili haraka, mbili polepole. Nikamkanyaga, akacheka, tukaendelea. Binti yangu anarekodi, najua tayari iko kwenye grupu la ukoo. Wimbo wa tatu kiuno kikaanza kukubali, jasho linatoka la haki, nikamwambia bibi sasa ngoja nikuonyeshe ya kwetu.

Muziki ukazimwa. Saa nne usiku ni kimya mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo sheria. Saa nne! Kwetu saa hiyo bendi ndiyo kwanza inapanga spika.