Dang'a si uchafu jamani

Makala niliyoisoma kuhusu kinga ya watoto imeeleza vizuri kwamba mtoto mchanga hupata kinga ya magonjwa ya tumbo kutoka kwa mama, ila imepita haraka mno kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama baada ya kujifungua. Huku Ujiji, Kigoma, bado wapo mabibi wanaoagiza ikamuliwe imwagwe, eti imeoza kwa kukaa kifuani miezi tisa! Uzazi wangu wa kwanza niliimwaga, mtoto akapewa maji ya sukari. Basi tu.

Njia za mama kumpa mtoto kinga ni mbili, na watu wanazichanganya. Kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, zipo za aina kadhaa. Za IgG hupita kwenye kondo la nyuma hadi damu ya mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana watoto njiti huzaliwa na akiba ndogo. Za IgA huja na maziwa, na dang'a ndiyo imezijaa. Hizi hutanda kwenye utumbo, vijidudu vikose pa kujishika. Kinachonishangaza zaidi: chembe za kinga zilizokutana na vijidudu tumboni mwa mama husafiri hadi kwenye matiti. Yaani mama wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, anatengeneza kinga ya vijidudu vya Kibirizi, vilevile vinavyomsubiri mwanawe. Kopo gani la maziwa ya dukani litafanya hivyo?

Na wale wanaosema ukinyonyesha huhitaji chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, hapana. Kinga ya mama ni ya kuazima, huisha. Kipindupindu cha 2015 kule Kagunga, kijiji cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, hatujakisahau. Maji bado tunachemsha.