Nani anailisha ndoto ya kijana?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za Tanga huingia kwenye ubishi uleule. Mtoto anapenda kuchora, au kuimba, au kusakata kabumbu, na anataka hilo ndilo liwe maisha yake. Mzazi anataka ualimu, ufundi, kibarua bandarini, hata bodaboda, ilimradi jioni pesa ionekane. Siku hizi upande wa kijana umepata nguvu, maana kwenye simu yake hakosekani mtu wa kumwambia aache vyote, afuate anachokipenda, riziki itamkuta hukohuko. Naona pande zote mbili zinaliruka swali moja. Katika ile miaka ambayo kipaji bado hakilipi, nani analisha?

Wapo wanaomtaja Shaaban Robert kuwa ni mtu wa Tanga aliyeifuata ndoto yake. Ni kweli, lakini tuangalie aliifuata vipi. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, pembezoni mwa mji huu, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya hadi 1944. Akaenda idara ya wanyama, akarudi ofisi ya serikali hapa Tanga, akamalizia idara ya upimaji ardhi hadi 1960. Hiyo ni miaka zaidi ya 30 ya mafaili, mihuri na barua za wakubwa. Vitabu vyake zaidi ya 20, kwa sehemu kubwa, vilizaliwa ndani ya miaka hiyo. Mshahara wa ukarani haukuwa utajiri, lakini uliendesha nyumba, na nyumba ikishakula mtu anaweza kukaa na kalamu usiku bila kusikia mtoto analia njaa.

Kwa hiyo wazazi wana hoja, tena ina mzizi. Ila wanaoishika hoja hiyo husahau gharama aliyoilipa. Aliacha ofisi mwaka 1960, na mwaka 1962 akafariki. Mwandishi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao alipata miaka miwili tu ambayo saa za mchana zilikuwa zake, na baadhi ya maandishi yake yalichapishwa yeye akiwa kaburini. Nikifikiria hilo moyo unaniuma. Hakuna awezaye kusema angeandika nini kama angepewa miaka kumi ya namna ile.

Na hiyo kazi ya uhakika wanayoisifu wazee, uhakika wake uko wapi? Tanga ilikuwa mji wa viwanda. Palikuwa na kiwanda cha mbolea, palikuwa na kiwanda cha chuma, na mkonge uliwaleta watu kutoka kila pembe ya nchi. Bei ya mkonge ikaanguka duniani, viwanda vikasimama kimoja baada ya kingine, na watu waliokuwa wameshika kazi za kueleweka wakajikuta barazani saa nne asubuhi. Mzazi anayemkataza mwanawe kuchora kwa sababu sanaa haina dhamana, mara nyingi yeye mwenyewe aliwahi kuangushwa na kazi iliyosemekana ina dhamana. Hofu yake naielewa. Lakini haithibitishi kwamba ajira ni ngome.

Upande wa pili wa hoja uko Bagamoyo. Pale ilianza kazi Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kabla yake serikali ilikuwa na vikundi vyake vya taifa vya ngoma, muziki na sarakasi; katika miaka ya 1960 vijana walipelekwa hadi China kujifunza sarakasi. Katika vikundi hivyo ndimo lilimotokea jina la Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeletwa pwani na zeze na ilimba lake, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, akaishi Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, na sauti yake ikasikika katika majukwaa ya Ulaya. Mtu kama huyo hakupenya kwa kutunga saa mbili usiku baada ya kutoka ofisini. Alipiga muziki mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, na muziki wenyewe ndio uliokuwa kazi yake.

Lakini hata hapo kuna aliyelipa. Zawose aliitwa na serikali ya Nyerere na akafanya kazi ndani ya vyombo vya umma. Bi Shakila Saidi, aliyeimba na kundi la taarabu la Black Star hapa Tanga, baadaye alikuwa JKT Taarab, kundi lililokuwa chini ya jeshi. Kwa mfano wowote ninaoushika, naukuta mshahara. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert alilipwa kwa kazi nyingine na kipenzi chake akakifanya pembeni, hawa wengine wakalipwa kwa kipenzi chenyewe. Anayemwambia kijana wa leo aache kazi afuate ndoto anamtajia watu hawa na kuuficha mlango ule wa mapato, ambao kwa vijana wengi wa sasa umefungwa. Huko si kumtia moyo, ni kumdanganya.

Namjua kijana mmoja wa Ngamiani anayeuza vipuri vya baiskeli dukani kwa mjomba wake. Ni mshairi, na mzuri. Mteja akishatoka utaona vidole vinagonga kaunta, nane, halafu nane tena, anapima mizani ya mshororo. Silabi ikipelea anarudi mwanzo, midomo ikicheza bila sauti. Beti zikikamilika anazinakili nyuma ya daftari la madeni. Aliniuliza kama aache duka apate kutunga muda wote. Nilimwambia, mdogo wangu, usiache. Shairi lina subira: linaweza kukaa kichwani huku mkono unatafuta mnyororo wa Phoenix, na mwenye miaka 45 anaweza kutunga vizuri kuliko alivyotunga akiwa na 20.

Nisingempa jibu hilohilo mcheza sarakasi. Mwili hausubiri. Kiungo kisichofunzwa kukunjika katika ujana hakikunjiki baadaye, na mchezaji wa mpira mwenye miaka 30 ameshaanza kuitwa mzee. Hata mpiga ngoma anahitaji wenzake, na wenzake wana saa zao. Ukienda kwenye mazoezi Bagamoyo utawakuta wamewasha makuti makavu, wanaipitisha ngozi ya ngoma juu ya moto, wanaigonga kwa kidole, wanairudisha tena, mpaka sauti ikaze. Aliyebanwa na zamu ya kazi hadi saa kumi na mbili jioni anafika moto umezimika. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama kijana aache kazi au asiache, waulizane kwanza kipenzi chenyewe kinaweza kusubiri au hakiwezi. Mimi hicho ndicho kipimo changu, na sijaona kingine kinachotenda haki kwa mshairi na kwa mwanasarakasi pia.

Kuna hoja nyingine ya upande wa kutobadili kipenzi kuwa kazi, na ina ushahidi. Mwaka 1973 watafiti watatu huko Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichunguza watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti cha zawadi wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, walewale walioahidiwa walizishika kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kilichokuwa raha kilishageuka kuwa sharti. Nimeona jambo linalofanana kwa wachoraji wetu: anayeanza kuuza kwa watalii huishia kuchora jahazi na machweo yaleyale kila siku, kwa sababu ndiyo yanayonunuliwa, na mkono uliokuwa unatafuta unaacha kutafuta.

Hata hivyo utafiti huo usifanywe rungu. Ulihusu watoto wadogo na zawadi ya cheti, haukuhusu mtu mzima anayedaiwa kodi ya chumba. Na umaskini nao unaua kipaji, tena haraka kuliko soko.

Mambo haya hayawaangukii wote sawa. Kijana wa kiume baada ya alasiri anakwenda uwanjani na hakuna anayemuuliza. Dada yake saa hiyo anachota maji, anapika, anamwogesha mdogo wao. Akijua kusuka ukili kwa nakshi ambazo mtaa mzima hauna, au kuchora hina kwa mstari usiotetereka, watu hawaiti hiyo ndoto. Wanasema anajua kazi za nyumbani. Ukimwambia afuate kipenzi chake, unamwambia autumie muda ambao hajapewa. Naona hapa ndipo wazazi wanaweza kufanya kitu leo bila kusubiri serikali: muda wa saa moja na nusu kila siku, usioguswa, kwa binti kama kwa kaka yake.

Serikali nayo ina sehemu yake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, nauunga mkono. Lakini umejengwa kwa ajili ya vikundi vyenye mradi unaorudisha pesa, kuku, cherehani, bodaboda. Kijana anayejifunza zeze hatarudisha marejesho baada ya miezi mitatu, na akilazimishwa kukopa ataliuza zeze lenyewe. Anachohitaji ni mahali pa kufanyia mazoezi, taa hadi saa tatu usiku, na mwalimu anayelipwa posho. Tanga na Bagamoyo zina madarasa yanayofungwa saa tisa alasiri na kulala giza hadi kesho. Kuyafungulia milango jioni hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji mlinzi, umeme, na diwani mmoja wa kuliweka suala hili kwenye ajenda ya baraza.